Asilimia Tisini na Tisa ya Nini?

Kikao kilikuwa kimefika kipengele cha nne cha ajenda, na msemaji nilikuwa mimi. Kamati ya wakazi wa jengo letu ilikuwa imenituma nichunguze mfumo wa kamera za kutambua nyuso uliopendekezwa kufungwa kwenye lango kuu. Baada ya majuma mawili ya kusoma vipeperushi na kuzungumza na mwakilishi wa kampuni, nilirudi nikiwa nimeshawishika kuliko hata yeye mwenyewe. Nilieleza jinsi kamera inavyopima umbali kati ya macho, pua na kidevu, jinsi vipimo hivyo vinavyogeuzwa kuwa namba, na jinsi namba hizo zinavyolinganishwa na orodha ya watu waliopigwa marufuku kuingia. Kisha nikatoa turufu yangu: mfumo ule ulikuwa sahihi kwa asilimia 99. Nikatua kidogo ili namba iwaingie wasikilizaji.

Aliyeinua mkono alikuwa mama mmoja, mhasibu mstaafu, ambaye katika vikao vingi huwa hasemi neno mpaka mwisho.

"Asilimia tisini na tisa ya nini, mwanangu?"

Nilimjibu kwamba huo ndio usahihi wa mfumo kwa ujumla. Hakuridhika. Aligeuza karatasi yake ya ajenda, akaazima kalamu kwa jirani yake, akamuuliza mlinzi mkuu ni watu wangapi hupita langoni kwa siku. Mlinzi akasema kama 2,000, ukihesabu wakazi, wageni na wanaoleta mizigo. Akauliza tena: kati ya hao, wenye majina kwenye orodha ya marufuku ni wangapi? Mlinzi akacheka, akasema kwa siku mbaya kabisa labda wawili.

"Basi tuandike," alisema yule mama, huku akiandika kwa tarakimu kubwa ambazo hata mimi niliyesimama niliweza kuzisoma. "Wasio na kosa ni 1,998. Mashine ikikosea mara moja katika kila mia, itawapigia kengele watu kama 20. Wale wawili wenye makosa tuseme imewanasa wote. Kengele zitalia mara 22 kwa siku, na katika hizo, mara 20 mlinzi atakuwa amemzuia mtu asiye na hatia." Akapiga mistari miwili chini ya jumla, kama wafanyavyo wahasibu, akaongeza kuwa kwa mwaka kengele za uongo zinapita 7,000. Kisha akamgeukia mlinzi mkuu, akamuuliza ikifika juma la pili ni kijana gani atakayekuwa bado anainuka kitini kengele ikilia.

Ningependa kuandika kwamba papo hapo nilishukuru kwa kufumbuliwa macho, lakini haikuwa hivyo. Nilikasirika. Nilirudi nyumbani na ile karatasi (nilimwomba anipe, nikijifanya naiweka kwenye kumbukumbu za kikao) na nikaketi mpaka usiku wa manane nikitafuta kosa ndani ya hesabu yake. Nililolipata halikumdhoofisha yeye, liliniumbua mimi. Niligundua kwamba "usahihi" wa mfumo wa namna ile una maana mbili zinazoweza kutofautiana sana. Moja ni uwezo wa kumnasa anayetafutwa, nyingine ni uwezo wa kumwacha apite asiyetafutwa, na mtengenezaji anaweza kusogeza kizingiti cha mashine, yaani kiwango cha kufanana kinachotakiwa kabla kengele haijalia, upande wowote apendao. Akikipandisha, kengele za uongo hupungua lakini watafutwa wengi zaidi hupenya. Akikishusha, watafutwa wananaswa lakini wasiohusika nao wanasumbuliwa. Namba moja inayodai kubeba maana zote mbili haisemi lolote mpaka uambiwe kizingiti kilikuwa wapi. Nilimpigia simu mwakilishi wa kampuni kumuuliza. Alinijibu kwa upole kwamba majaribio yalifanywa ndani ya kampuni, kwa picha zilizopigwa mahali penye mwanga mzuri. Sikuwahi kumuuliza swali hilo kabla ya kusimama mbele ya watu.

Wala sikuwa nimeuliza nyuso hizo zilikuwa za nani. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walichapisha uchunguzi wa mifumo mitatu ya kibiashara iliyokuwa ikikisia jinsia ya mtu kwa kutazama picha ya uso wake. Walitumia picha 1,270 za wabunge kutoka nchi tatu za Afrika (Rwanda, Senegali na Afrika Kusini) na tatu za Ulaya (Aislandi, Ufini na Uswidi). Kwa kila mfumo, wastani wa jumla ulipendeza. Walipozigawa picha kwa rangi ya ngozi na jinsia, walikuta kwamba kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, ilhali kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika hadi asilimia 34.7. Wastani ulikuwa umewafunika wanawake hao kama blanketi.

Nilipousoma uchunguzi huo mara ya kwanza nilishangilia, nikatamani kurudi kwenye kamati na kuutumia kuuangusha mfumo niliokuwa nimeutetea juma lililotangulia. Tamaa hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kukisia jinsia ni kazi tofauti na kumtambua mtu kwa jina lake, mifumo iliyopimwa haikuwa huu wetu, na hakuna popote watafiti walipodai kwamba matokeo yao yanazihusu kamera zote za dunia. Kama ningeyabeba matokeo yale kizembe, ningekuwa nafanya kilekile nilichofanya na ile asilimia 99, isipokuwa safari hii ningekuwa upande wa pili wa meza.

Tangu siku ile swali la yule mama likawa kama kokoto ndani ya kiatu. Kila niliposikia asilimia nilijiuliza: ya nini, na kati ya wangapi? Niligundua kwamba nusu ya mabishano ya sera niliyoyafuatilia kwa miaka yalikuwa na namba ya juu ya sehemu tu, bila ile ya chini inayosema kati ya wangapi. Mfano unaonikaa kichwani ni wa Uingereza, Oktoba 1995, pale mamlaka ya usalama wa dawa ilipotangaza kwamba aina mpya za vidonge vya kuzuia mimba huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Neno maradufu lilienea kwenye vyombo vya habari, na wanawake wengi wakaacha kumeza vidonge kwa hofu. Kilichokuwa nyuma ya neno hilo ni kwamba hatari ilitoka kwa mwanamke 1 kati ya 7,000 na kufika wanawake 2 kati ya 7,000. Mwaka uliofuata, katika England na Wales, inakadiriwa kuwa mimba 13,000 zaidi zilitolewa, na mimba yenyewe huleta hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Hakuna aliyedanganya. Maradufu ilikuwa kweli. Ndiyo maana simwamini sana mtu anayesema kwamba dawa ya upotoshaji ni kuwafichua waongo tu, kwa sababu mara nyingi nilizopotoka mimi, niliyemsikiliza alikuwa akisema kweli.

Kilichofuata ni kipindi ambacho rafiki zangu hukikumbuka kwa kicheko, nami hukikumbuka kwa aibu kidogo. Nilikuwa nimepata silaha, nikaanza kuitumia ovyo. Mtu akisema barabara mpya itapunguza msongamano, namuuliza takwimu ziko wapi. Akisema watoto wanalala vibaya kwa sababu ya simu, namwuliza amelinganisha na watoto gani. Nilijiona nina fikra tunduizi, kumbe nilikuwa nimejifunza tu njia ya heshima ya kuwanyamazisha watu. Kuuliza ushahidi hakunigharimu chochote. Aliyeulizwa ndiye aliyebeba mzigo wote. Na nilikuwa nachagua: hoja nilizozipenda nilizipitisha mlangoni bila kuzipekua.

Aliyenishika shati alikuwa mfanyakazi mwenzangu, mtu wa makamo aliyewahi kuandika programu za benki. Tulikuwa tunazungumza juu ya tahadhari za serikali kuhusu teknolojia, nami nikasema kwa dharau kwamba tahadhari hizi ni kama ile hekaya ya mwaka 2000, ambapo walimwengu walitishwa kwamba kompyuta zote zingezimika usiku wa kuamkia Januari 1, na kulipokucha taa zikawa zinawaka kama kawaida. Alinitazama kwa muda kabla ya kujibu. "Bwana, mimi nilifanya kazi usiku kwa miezi kumi na minne ili uje kunicheka leo," alisema. Kisha akanieleza: programu za zamani zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili ili kuokoa nafasi ya kumbukumbu, kwa hiyo 00 ingesomwa kama 1900. Mkopo wa miaka mitano uliotolewa mwaka 1999 ungeonekana unaisha karibu karne nzima kabla haujaanza. Yeye na wenzake walikuwa wamepitia mistari ya programu mmoja baada ya mwingine, wakirekebisha na kujaribu tena na tena. Kutotokea kwa balaa ndiyo ilikuwa matokeo ya kazi yao, nami nilikuwa nimelitumia jambo hilohilo kama ushahidi kwamba kazi yenyewe haikuhitajika.

Nilijitetea kwamba pengine wengine walitia chumvi. Alikubali, walikuwapo waliotia chumvi, na wapo waliouza woga kwa bei nzuri. Lakini akaniuliza nimewahi kujiuliza kwa nini siku hizi tundu la tabaka la ozoni, ile hewa ya juu inayotukinga na miale mikali ya jua, halitajwi sana kama zamani. Wanasayansi walitangaza kuligundua juu ya Antaktiki mwaka 1985, miaka miwili baadaye nchi zikatia saini Itifaki ya Montreal ya kukomesha kemikali zilizokuwa zikiitoboa ozoni, na kemikali hizo zikapungua. Anayekuja leo na kuona kimya anaweza kudhani kelele zile zilikuwa za bure. Nilikuwa sijafikiri hivyo. Nilikuwa nimezoea kuhesabu yaliyotokea, na sikuwa na njia yoyote ya kuhesabu yaliyozuiwa.

Tena mzigo wa ushahidi wenyewe una historia isiyopendeza. Petroli yenye madini ya risasi ilianza kwa ugunduzi wa Thomas Midgley na wenzake huko Marekani mwaka 1921. Miaka mitatu baadaye wafanyakazi kadhaa waliokuwa wakiitengeneza kemikali ya risasi iliyotiwa kwenye petroli hiyo walikufa kwa sumu yake, na kila mtu alijua tangu kale kwamba madini ya risasi ni sumu. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa msimamo uliotawala, ukitetewa na mtaalamu wa afya aliyelipwa na wenye viwanda, Robert Kehoe, ulikuwa kwamba anayedai madhara kwa umma ndiye alete uthibitisho. Ukisikiliza kwa sikio la haraka, msimamo huo una sauti ya sayansi yenyewe. Ni maneno niliyokuwa nikiyasema mimi kila siku. Mwaka 1965 mwanajiokemia (mtaalamu wa kemia ya dunia na miamba yake) Clair Patterson alionyesha kwamba kiwango cha risasi katika miili ya watu wa nchi za viwanda kilikuwa juu mno kuliko cha asili, kwa hiyo kile kilichokuwa kikiitwa "kawaida" kilikuwa tayari ni uchafuzi. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa ajili ya magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Karne nzima. Siku hizi, kabla sijamtaka mtu ushahidi, hujiuliza kwanza ni nani atakayeumia ikiwa ushahidi utachelewa.

Lugha yetu yenyewe, nikiwaza, inabishana juu ya jambo hili tangu zamani na haijafikia mwafaka. Mwenye kutaka teknolojia mpya ipokelewe leo atakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenye kuihofia atakwambia haraka haraka haina baraka. Nimehudhuria mikutano ambayo ukiondoa methali hizo mbili hakibaki kitu. Ipo na ya tatu, ambayo ndiyo hatari kuliko zote katika zama za ujumbe wa kusambazwa: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mdogo wangu aliwahi kunijibu kwa methali hiyo.

Ilikuwa mwaka 2020, pale minara ya simu ilipochomwa moto nchini Uingereza na watu walioamini kwamba mtandao wa kizazi cha tano, yaani 5G, unahusika na ugonjwa wa korona. Mdogo wangu, ambaye ni mtu mwerevu na mwenye huruma, alituma kwenye kundi la familia video ndefu yenye madai hayo. Nilimjibu kama nilivyokuwa nimezoea, kwa viungo sita vya makala na maneno makali mawili. Hakunijibu kwa siku nne. Mama yetu akanipigia simu kunikanya kwamba nimemdhalilisha mwenzangu mbele ya watoto wake.

Katika siku hizo nne nilikutana na utafiti wa Leonid Rozenblit na Frank Keil wa mwaka 2002. Waliwauliza watu wanavielewa kwa kiasi gani vitu vya kila siku kama zipu, choo cha kuvuta maji na helikopta, na wengi wakajipa alama nzuri. Kisha wakawaomba waeleze hatua kwa hatua vinavyofanya kazi. Baada ya kujaribu kueleza, watu wakajishushia alama wenyewe. Nilijaribu kwa zipu ya koti langu. Niliandika sentensi mbili, nikafika pale meno yanaposhikana, nikakwama. Kinachoyashika ni nini hasa, na kwa nini yanafunguka upande mmoja tu? Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nimefunga zipu maelfu ya mara.

Basi nilimpigia mdogo wangu, nikaomba radhi kwanza, kisha nikamwambia nataka tu anieleze, polepole, wimbi la redio linawezaje kutengeneza kirusi. Alianza vizuri, akafika mahali akanyamaza, akacheka, akasema hapo mwenyewe hapajui. Tulikubaliana haraka kwamba ugonjwa ulikuwa umefika hata mahali pasipo na mtandao huo kabisa. Lakini hakuniacha niondoke na ushindi. "Na wewe kaka, nieleze kwa nini mawimbi hayo hayadhuru." Nikasema kwa madaha kwamba hayana nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu, tofauti na eksirei. Akauliza: "Oveni ya maikrowevu nayo haing'oi elektroni, mbona inapika nyama?"

Nilikwama kama kwenye zipu. Swali lilikuwa zuri kuliko lolote nililowahi kumuuliza yeye. Ilinibidi nikasome, nikarudi kwake baada ya siku mbili na jibu lenye maana zaidi: ni kweli mawimbi ya jamii hiyo yanaweza kupasha joto, na viwango vya usalama vimewekwa kwa kuangalia joto hilo hasa. Oveni humwaga mamia ya wati ndani ya sanduku dogo la chuma lililofungwa, ilhali mnara hutawanya nguvu zake hewani, na nguvu hiyo hupungua kwa kasi kadiri unavyojitenga nao, kiasi kwamba umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Yeye akasema sasa amenielewa. Na mimi ndipo nilipojielewa, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa na msimamo sahihi uliosimama juu ya sababu nusu.

Zipu ile iliniharibia na jambo jingine. Nilirudi kuyasoma maelezo niliyoitolea kamati juu ya kamera kupima umbali wa macho na pua, nikakuta kwamba hiyo ni njia ya zamani. Mifumo ya sasa hufundishwa kwa mamilioni ya picha na hujitafutia yenyewe alama za kutofautisha uso na uso, na hata mtengenezaji hawezi kukuonyesha kwa kidole ni alama zipi. Niliwaeleza watu kwa ufasaha mkubwa kitu ambacho hakikuwamo ndani ya sanduku.

Hilo la mashine isiyoweza kujieleza lilinipeleka kwenye kesi ambayo nadhani kila mtu anayekaa kwenye kamati yoyote angepaswa kuisoma. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa matawi ya posta nchini Uingereza walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na uhasibu wa uongo, kwa kuwa mfumo wa kompyuta uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa fedha kwenye hesabu zao. Baadhi walifungwa, wengine walifilisika. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa wingi. Kinachonitesa ni kwamba sheria ya huko ilichukulia kuwa kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na aliyetakiwa kuthibitisha alikuwa mtu wa kaunta asiye na ruhusa ya kuona ndani ya mfumo. Wengi wao waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo kama lao. Kati ya wangapi? Hakuna aliyewapa nafasi ya kuuliza.

Niliporudi kwenye kamati, nilikuja na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na maswali kumi na moja kwa kampuni. Ya pili ilikuwa na hesabu za yule mama zikiwa zimepanuliwa: kengele ngapi za uongo tukishusha kosa hadi moja katika elfu, ngapi tukifika moja katika elfu kumi. Nilikuwa nimejiandaa vizuri kwelikweli, na nilidhani mjadala ungekuwa juu ya namba hizo. Yule mama alizisoma, akazisifu, akaniambia sasa hesabu inaeleweka. Kisha akasema kwamba hata kama mashine haikosei kamwe, yeye hataki pawe na daftari mahali fulani linaloonyesha kila saa aliyotoka nyumbani kwake na kila saa aliyorudi.

Nilitaka kumjibu kwamba hilo halina takwimu. Nikajizuia, nashukuru Mungu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikidhani kwamba watu wakipatana juu ya ukweli watapatana na juu ya uamuzi, na kwamba anayebaki anapinga baada ya namba kunyooka ana ukaidi tu. Mwezi Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba mashine za kupigia kura zilizotumika katika uchaguzi wa 2005 zilikwenda kinyume na katiba. Haikuonekana kwamba ziliiba kura yoyote, na uchaguzi haukufutwa. Sababu ilikuwa kwamba raia wa kawaida lazima aweze kuzifuatilia hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa mtaalamu, jambo lisilowezekana kura ikishamezwa na mashine. Unaweza kuwa na mashine inayohesabu vizuri kuliko binadamu na bado ukawa na haki ya kuikataa, kwa sababu unachokilinda si hesabu peke yake. Upande wa pili nao una watu wanaoweza kuijua gharama ya faragha yao, wakaipima, wakasema wako tayari kuilipa ili walale kwa amani. Jirani yangu aliyeibiwa mara mbili alisema hivyo katika kikao kilekile, na sikuona kosa lolote katika kufikiri kwake.

Tulipiga kura. Kamera za kutambua nyuso zilikataliwa kwa tofauti ya kura tatu tu. Tukakubaliana kufunga kamera za kawaida ambazo picha zake hufutwa baada ya siku 14, kuongeza taa kwenye maegesho, na kubadilisha kufuli la mlango wa nyuma.

Wakati huo nilikuwa nimeanza tabia ya kuandika utabiri wangu kwenye daftari kabla ya jambo kutokea, pamoja na kiwango cha uhakika nilichonacho, kwa kuwa nilichoka kujikuta kila mara nakumbuka kwamba nilijua tangu mwanzo. (Ni tabia inayokera. Kurasa za mwaka wa kwanza zilinionyesha kwamba mambo niliyokuwa na uhakika nayo kwa asilimia 90 yalitimia mara mbili kati ya tatu.) Usiku wa kura niliandika kwamba taa na kufuli vingepunguza wizi wa vipuri vya magari kwa nusu ndani ya miezi sita, na kwamba nina uhakika wa asilimia 70.

Miezi sita ilipoisha, mlinzi mkuu alisoma taarifa: miezi sita ya kabla, visa 7, miezi sita ya baada, visa 6. Jirani yangu aliyeibiwa, ambaye sasa alikuwa ameibiwa mara ya tatu, alisimama akasema kamera tulizozikataa zingemnasa mwizi. Nilijibu kwamba huenda zingemnasa na huenda la, kwa sababu hatujui kama mwizi huyo angekuwa kwenye orodha yoyote, lakini sikuishia hapo. Nilifungua daftari nikawasomea utabiri wangu kwa sauti, tarehe na asilimia yake, nikasema umeshindwa. Ukumbi ulinyamaza kidogo, nadhani hawakuzoea.

Yule mama akainua mkono kutoka kiti chake cha karibu na mlango. Alitaka kujua visa hivyo saba na hivyo sita vilikuwa kati ya magari mangapi, maana kwa macho yake maegesho yalikuwa yamejaa zaidi tangu ghorofa mbili za juu zipate wapangaji. Nilimtazama mlinzi mkuu, naye akanitazama mimi. Hakuna aliyekuwa amehesabu. Mwenyekiti akaahirisha kipengele hicho, na kijana mmoja wa ulinzi akatumwa chini na kalamu.